Kadi ya Grafiki na Pawa Saplai Yake: Soma Lebo Kabla Hujatuma Hela Kariakoo

Minada ya korosho inapoanza mwezi wa kumi, hela huzunguka Mtwara na Lindi, na maswali ya kompyuta huongezeka. Anayehariri video za harusi na unyago anataka kadi ya grafiki, kipande cha kompyuta kinachochora picha, ili kazi isilale usiku kucha kwenye mashine. Mwenye banda la gemu anataka picha zisikwamekwame. Mwanafunzi anayechora ramani za nyumba naye anataka yake. Wote huuliza swali moja: "Kadi gani nzuri?" Mimi huwarudishia swali linalotakiwa kutangulia: pawa saplai uliyonayo, yaani boksi linaloipa kompyuta umeme, inaweza kubeba kadi gani?

Kwa aliye Dar es Salaam, kukosea ni usumbufu wa siku moja, anarudi dukani kubadilisha. Kwa aliye Masasi, Nachingwea au Newala, kadi imekuja kama kifurushi cha basi, imesafiri zaidi ya kilomita 500, na kuirudisha ni nauli nyingine pamoja na mabishano ya simu na muuzaji. Ndiyo maana hesabu hii inafanywa kabla ya kutuma hela. Haihitaji ufundi mkubwa. Inahitaji bisibisi ya nyota, tochi ya simu na kikokotoo.

Hatua ya kwanza: fungua kasha, soma lebo

Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kama kumi ili umeme uliobaki ndani uishe. Fungua ubavu wa kasha. Pawa saplai ni lile boksi la chuma ambalo waya wa ukutani unaingilia, na ubavuni mwake kuna lebo yenye jedwali. Piga picha. Ukipata picha hiyo umeshamaliza sehemu kubwa ya kazi.

Watu wengi husoma namba moja tu, ile kubwa ya "500W", wakaridhika. Namba hiyo ndiyo inayodanganya zaidi. Pawa saplai inapokea umeme wa volti 230 kutoka ukutani na kuugawa katika volti 12, volti 5 na volti 3.3. Prosesa (ubongo wa kompyuta) na kadi ya grafiki za siku hizi hula karibu umeme wao wote kwenye volti 12. Kwa hiyo unachotafuta kwenye jedwali ni safu ya +12V na ampea zilizoandikwa chini yake. Zidisha ampea hizo kwa 12, upate wati halisi ambazo kadi na prosesa zitagawana.

Tuchukue mfano wa pawa saplai za bei ya chini zinazokuja ndani ya makasha ya kuunganishwa madukani. Juu imeandikwa 500W. Kwenye jedwali, +12V ina ampea 18. Mara 12, inakuwa wati 216. Hizo nyingine zimekwenda wapi? Zimeandikwa kwenye volti 5 na volti 3.3, ambako kompyuta ya leo haina matumizi makubwa, au namba ile kubwa ni ya kilele tu, nguvu ambayo boksi linaweza kuitoa kwa kitambo kifupi sana. Mwenye mashine anaamini ana wati 500 za kuchezea, kumbe ana 216.

Ukikuta safu mbili, +12V1 na +12V2, usijumlishe ampea zake. Kila moja inaweza kuandikwa ampea 18, ukapata 36 na kufikiri una wati 432. Angalia chini ya jedwali, mara nyingi kuna mstari unaotaja jumla ya volti 12 kwa wati. Ukisema 360W, basi una 360, ambazo ni ampea 30. Mstari huo ndio wa kuufuata.

Ukiwa hapo, angalia pia sehemu ya umeme unaoingia. Imeandikwa 100-240V, au kuna kiswichi chekundu mgongoni chenye 115 na 230? Kama kiswichi kipo, hakikisha kiko kwenye 230. Kikiwa kwenye 115 halafu ukachomeka kwenye soketi ya Tanzania, pawa saplai itapasuka palepale kwa kishindo na moshi. Ukinunua mashine ya mtumba iliyotoka Marekani, jizoeze kukagua hicho kiswichi kabla ya chochote kingine.

Hatua ya pili: jua kadi inakula kiasi gani

Kila kadi ina kiwango chake kilichotangazwa na mtengenezaji. Hizi ni baadhi ya zile zinazoulizwa sana (za GTX na RTX ni za Nvidia, za RX ni za AMD): GTX 1050 Ti na GTX 1650 ni wati 75. RTX 4060 ni 115. GTX 1660 Super ni 125. RX 6600 ni 132. RTX 3060 ni 170. RX 580 ni 185. RTX 3070 ni 220, na RTX 3080 ni 320. Kampuni zinazotengeneza kadi hizo kwa majina yao huweza kuongeza kidogo, hivyo angalia na modeli yenyewe.

Tazama hapo kitu kimoja. RX 580 ni kadi ya mwaka 2017, na inauzwa rahisi mtumba. RTX 4060 ya mwaka 2023 inafanya kazi kubwa zaidi kwa wati 70 pungufu. Anayeona bei ya kadi peke yake ataiona RX 580 kuwa nafuu; akijumlisha na pawa saplai mpya atakayolazimika kuinunua na uniti za Luku zitakazokwenda, unafuu unapungua. Kwa mashine zetu nyingi, kadi inayokula kidogo ndiyo kadi nzuri, na ninalisema hili hata kwa mteja mwenye hela.

Hatua ya tatu: piga hesabu

Chukua wati za prosesa, ongeza za kadi, ongeza 50 kwa ajili ya madabodi (bodi kuu ambayo vipande vyote huchomekwa), ramu, diski na feni. Jumla hiyo zidisha kwa moja na nusu. Jibu ndilo kiwango cha pawa saplai nzuri unayohitaji.

Kijana mmoja wa Masasi anayehariri video za harusi ana mashine yenye prosesa ya Core i5-4590, ambayo ni wati 84. Anataka GTX 1660 Super. Hesabu yake: 84 na 125 na 50 ni 259. Mara moja na nusu ni kama 390. Pawa saplai nzuri ya wati 450 inamtosha, na ndicho kiwango ambacho Nvidia wenyewe wanakipendekeza kwa kadi hiyo. Akitaka RTX 3060, jumla inapanda hadi 304, na mara moja na nusu ni 456. Hapo anunue ya 550.

Sasa irudishe kwenye ile lebo ya ampea 18. Prosesa na kadi yake ya 1660 Super peke yake ni wati 209, na feni na diski zinaongeza kidogo, tuseme 20. Ni 229, gawanya kwa 12, ni ampea 19. Pawa saplai inatoa 18. Mashine itawaka vizuri, atafungua mafaili, atatazama video, na siku anapoanza kuitoa (export) video ya saa mbili aliyoihariri, itajizima katikati.

Kwa nini moja na nusu, kwa nini tusiende sawasawa na jumla? Kuna sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba kadi haivuti umeme kwa utulivu. Ndani ya muda mfupi kuliko sehemu moja ya elfu ya sekunde inaweza kuruka juu sana ya kiwango chake, hasa kadi kubwa za kizazi cha RTX 3000 na kuendelea. Pawa saplai ikiona mruko huo na haina nafasi, hujikinga kwa kujizima. Mwaka 2022 Intel walitoa kiwango cha ATX 3.0 ambacho kimepangwa ili pawa saplai ihimili mivuto hiyo, kwa hiyo ukiona maneno hayo kwenye boksi, ni jambo jema.

Sababu ya pili ni joto letu. Pawa saplai nzuri hupimwa nguvu zake ikiwa katika nyuzi joto 40 au 50. Zile duni hupimwa kwenye 25, joto ambalo chumba cha bati pale Lindi mjini hakilioni mchana wa Desemba. Kadiri boksi linavyopata joto, ndivyo linavyopungukiwa na nguvu na kapasita zake, vipande vya ndani vinavyohifadhi umeme, kuchoka mapema.

Hatua ya nne: plagi

Wati zikitosha, bado kadi inahitaji mahali pa kuchomeka. Tundu la madabodi ambalo kadi inakaa linatoa hadi wati 75. Kadi inayohitaji zaidi huwa na tundu la nyongeza juu yake: la pini 6 hubeba wati 75, la pini 8 hubeba 150. Kadi mpya kubwa hutumia plagi ndogo ya pini 16 inayoweza kubeba hadi 600.

Kwa hiyo angalia nyaya zinazotoka kwenye pawa saplai yako. Plagi ya kadi ya grafiki huwa ya pini 6, au 6 na 2 zinazoungana kuwa 8, na mara nyingi imeandikwa PCI-E. Usiichanganye na ile ya prosesa, ambayo ni ya pini 4, au 4 na 4. Zinafanana kwa macho, lakini nyaya za volti 12 na za ardhi zimekaa pande tofauti. Ukilazimisha ya prosesa kwenye kadi unapeleka umeme kinyume.

Madukani watakuuzia adapta ndogo inayogeuza plagi ya diski ya SATA kuwa plagi ya kadi. Kataa. Plagi ya SATA ina pini tatu za volti 12, na kila moja imepangwa kubeba ampea moja na nusu. Jumla ni ampea 4.5, yaani wati 54. Plagi ya pini 6 inaruhusiwa kuvuta 75, ya pini 8 inaruhusiwa 150. Waya unapata moto, plastiki inayeyuka, na nimeziona zilizogeuka kahawia na kushikana na tundu mpaka zikakatwa kwa koleo. Kama pawa saplai haina plagi ya kadi, chukulia kwamba mtengenezaji amekwambia boksi hilo halikutengenezwa kwa kadi ya kuchomekwa umeme.

Kadi yenye matundu mawili ya pini 8 ipewe nyaya mbili tofauti kutoka kwenye pawa saplai. Usitumie waya mmoja wenye vichwa viwili ikiwa kadi ni kubwa. Na kama pawa saplai yako ni ile ambayo nyaya zinachomoka, usiazime waya wa pawa saplai nyingine hata kama unaingia. Upande wa boksi kila modeli hupanga pini zake, na waya usio wake unaweza kuunguza kadi, diski na madabodi kwa kuwasha mara moja tu.

Mashine za ofisi za mtumba

Hapa nakaa kidogo, kwa kuwa kompyuta nyingi zinazotumika mikoani kwetu ni Dell OptiPlex, HP EliteDesk na ProDesk, na Lenovo ThinkCentre zilizotoka maofisini Ulaya. Ni mashine imara. Shida ni kwamba pawa saplai zake ni ndogo na plagi zake haziko kama za kawaida.

OptiPlex 9020 ya kasha refu ina pawa saplai ya wati 290, na plagi ya madabodi yake ni ya pini 8 badala ya 24 za kawaida. EliteDesk 800 G1 hutumia ya pini 6. ThinkCentre nyingi hutumia ya pini 14. Ukinunua pawa saplai ya dukani ukaja nayo Mtwara bila adapta, itabaki mezani. Adapta zipo na zinafanya kazi vizuri: za kutoka pini 24 kwenda 8, kwenda 6, kwenda 14. Agiza pamoja, na mtumie muuzaji picha ya tundu la madabodi yako ili asikupe ya mashine nyingine.

Pima pia ukubwa. Pawa saplai ya kawaida ya ATX ina upana wa milimita 150 na kimo cha 86, na urefu wake huanzia 140. Makasha marefu mengi huipokea. Yale makasha membamba ya kulala mezani hayaipokei kabisa, na kadi yenyewe lazima iwe fupi kwa kimo. Mwenye kasha jembamba asihangaike kukata chuma. Achukue kadi fupi isiyohitaji plagi ya nyongeza: baadhi ya GTX 1650, RX 6400 ambayo ni wati 53, au RTX 3050 ya gigabaiti 6 ambayo ni wati 70. Hata hizo aziweke baada ya kupiga hesabu ya hatua ya tatu kwa wati zilizoandikwa kwenye boksi lake.

Kununua pawa saplai

Nunua pawa saplai kwanza, kadi baadaye. Nalisisitiza hili kwa kuwa kila mtu hufanya kinyume, halafu hela iliyobaki inanunua boksi la bei ya chini kuliko yote.

Tafuta alama ya 80 Plus. Inaeleza ni kiasi gani cha umeme wa ukutani kinafika kwenye kompyuta badala ya kupotea kama joto. Bronze inafikia asilimia 85 ikiwa na mzigo wa nusu, Gold asilimia 90. Bronze inatosha kwa wengi wetu. Alama hii haipimi kila kitu, lakini boksi lililoipata kihalali huwa na wati za kweli. Kisha omba picha ya lebo, si ya boksi la karatasi. Pawa saplai nzuri ya wati 550 huwa na ampea 40 na zaidi kwenye volti 12. Chukua yenye 100-240V. Hiyo ndiyo inayovumilia umeme ukishuka jioni wakati mtaa mzima umewasha feni na majiko.

Ya mtumba nichukue? Kadi ya mtumba naikubali ikiwa imepimwa. Pawa saplai ya mtumba siikubali, isipokuwa unajua ilikotoka. Upepo wa bahari Mikindani na Kilwa una chumvi, unakula pini na viungo vya ndani bila kuonekana kwa nje. Na usiifungue kuikagua: kapasita yake kubwa inaweza kushika zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomolewa.

UPS na umeme wa nyumbani

Kwa miaka mingi Mtwara na Lindi zilitumia umeme wa gesi ya Mnazi Bay zikiwa nje ya gridi ya taifa, na kila mwenye kompyuta huku anajua kukatika na kurudi kwa ghafla. Ukiongeza kadi, UPS yako ya zamani, lile boksi la betri linaloishikilia kompyuta umeme ukikatika, inaweza isitoshe. UPS huandikwa VA, na ndogo nyingi hutoa wati kama asilimia 60 ya namba hiyo. Ya 650VA ni kama wati 390. Mashine ya kijana wa Masasi, na skrini yake, inaweza kuvuta wati 330 ukutani. Itashika, lakini kwa dakika chache tu za kuhifadhi kazi. Akiweka RTX 3060, anunue ya 1000VA na kuendelea.

Pawa saplai za kisasa wakati mwingine hazipatani na UPS za bei ya chini zisizotoa wimbi safi la umeme (pure sine wave). Umeme ukikatika, UPS inalia na kompyuta inazima papo hapo. Kabla ya kulipa, muulize muuzaji kama UPS inatoa wimbi safi. Swali hilohilo linawahusu wanaotumia inveta za sola vijijini.

Kuhusu Luku, hesabu ni nyepesi. Kompyuta inayovuta wati 300 ukutani kwa saa nne imekula uniti 1.2.

Kufunga

Chomoa umeme, gusa chuma cha kasha kuondoa umeme tuli wa mwilini. Kama unabadilisha pawa saplai, piga picha nyaya zote kabla hujatoa hata moja. Funga boksi kwa skrubu nne, chomeka plagi ya madabodi, ya prosesa, na za diski. Kadi ikae tundu refu la juu mpaka kifungo cha plastiki kilie, kisha skrubu yake, ndipo plagi ya umeme isukumwe mpaka mwisho. Plagi iliyoingia nusu hupata moto. Waya wa skrini uchomeke kwenye kadi yenyewe, usiuache kwenye madabodi. Wengi wameita fundi kwa hilo peke yake.

Kupima

Sakinisha draiva (programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi), halafu weka HWiNFO ya kusoma vipimo na FurMark ya kuipa kadi mzigo mzito, zote ni za bure. Fungua HWiNFO upande mmoja uone volti 12, joto la kadi na wati inazovuta. Washa FurMark kwa dakika 15, na ukiweza iendeshe prosesa nayo kwa wakati huohuo, kwa kutoa video ndefu au kwa Cinebench, programu ya kuipa prosesa mzigo. Volti 12 inaruhusiwa kucheza kati ya 11.40 na 12.60. Namba ya programu si sahihi kila mara, kwa hiyo ukiona ya kutisha, thibitisha kwa malitimita, kile kipima umeme cha mafundi: waya wa njano na mweusi kwenye plagi ya pini 4 ya diski za zamani, mashine ikiwa na mzigo.

Mashine ikijizima na kujiwasha, fungua orodha ya matukio ya Windows utafute Kernel-Power 41. Tukio hilo linasema umeme ulikatika bila utaratibu, halisemi nani kaukata. Rudia jaribio ukiwa umechomeka moja kwa moja ukutani bila UPS wala ekstensheni. Ikitulia, tatizo ni UPS au ekstensheni. Ikiendelea, shusha kikomo cha wati za kadi hadi asilimia 75 kwa programu ya MSI Afterburner, rudia tena. Ikitulia hapo, pawa saplai ndiyo imeelemewa, na unaweza kuendelea na kikomo hicho ukikusanya hela ya boksi jingine. Kasi itakayopungua ni ndogo kuliko wati zilizopungua. Ikizima hata ukishusha hadi asilimia 60, toa kadi, rudisha mashine ilivyokuwa, na usiiwashe tena na kadi hiyo mpaka pawa saplai ibadilishwe.